Taharuki Bila Bunduki

Mjini Bujumbura, ukitoka mtaa wa Buyenzi kuelekea ziwani, pua ndiyo inayokuambia kwamba umeingia Quartier Industriel, eneo la viwanda. Harufu ya kimea kutoka Brarudi, kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1955, hukutana njiani na harufu ya sabuni, dizeli na mpira wa magurudumu. Mchana mitaa ni ya malori. Madereva na matanboi waliovuka mpaka wa Kobero wanapiga soga kwa Kiswahili cha Tanzania, na wapakiaji wanapita mbio na mifuko mabegani. Jioni mageti yanafungwa, na ile mitaa mipana inabaki ya mbwa na mazamu, walinzi wa usiku.

Huko ndiko tulikokwenda kupiga picha mwaka 2012, tukiwa wanafunzi wa mawasiliano. Mwalimu alitupa kazi inayosikika rahisi: tengenezeni mwanzo wa filamu ya taharuki, usizidi dakika mbili. Hakutaka hadithi nzima. Alitaka mtazamaji afike mwisho wa dakika hizo akiwa hawezi kuondoka kitini.

Hatukuwa na mifano mingi ya nyumbani. Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka mwaka 1992, na ni ya kuchekesha: kijana anarudi kutoka Ufaransa na shahada yake, akidhani uwaziri unamsubiri. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Ilibidi tungoje hadi 2007 ndipo Burundi Film Center ikaanza kufundisha vijana kushika kamera, na 2009 Ngabo yuleyule akaanzisha tamasha la FESTICAB. Sisi tulisoma katika upepo huo. Kila mmoja darasani alijiona mwongozaji.

Kamera tuliazima kwa mpiga video za harusi wa Buyenzi. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mpwa wake afuatane nayo kila inakokwenda, hata chooni. Mpwa huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa pili. Taa za bomba za ghala zilipoanza kuchora mistari kwenye picha, alicheka, akageuza kitufe. Umeme wetu, alieleza, hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Shata ikikaa kwenye 1/50 ya sekunde, mistari inapotea. Yeye pia ndiye aliyetuonya tusiitegemee jioni. Bujumbura iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na jua likishazama nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya ziwa, giza halichelewi. Ukibishana kuhusu pembe ya kamera, mwanga umekwisha.

Kupiga picha usiku kulikuwa na ladha yake. Amri ya kutotembea usiku, iliyodumu miaka mingi, iliondolewa Aprili 2006 tu. Wengi wetu tulikulia ndani ya nyumba zilizofungwa mapema, tukiijua Bujumbura ya usiku kwa masikio peke yake.

Mswada wetu wa kwanza ulikuwa hivi: msichana mhasibu anachelewa kazini, anatoka ghalani, mtu anajitokeza gizani na bastola. Bastola ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nyeusi, na fundi wake alijivunia sana. Mwenye ghala alikuwa ametupa ruhusa. Zamu wake, mzee wa makamo aliyevaa koti zito hata kwenye joto la ziwani, alitupokea vizuri kwa "amahoro" na kutuazima kiti. Alipoiona ile bastola, uso ulibadilika.

"Wanangu, ifungeni hiyo kwenye mfuko kabla doria haijapita."

"Mzee, ni ya mbao."

"Naona ni ya mbao. Gizani polisi ataona hivyo? Na hao mnaowatengenezea filamu, za kweli wamezisikia. Mtamtisha nani kwa ya mbao?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Kundi la mwisho la waasi, FNL, lilikuwa limeweka silaha chini mwaka 2009, miaka mitatu tu nyuma. Katika darasa letu hapakuwa na mtu ambaye familia yake haikuguswa. Bastola ingewarudisha watazamaji kwenye kumbukumbu zao wenyewe, na filamu ingeachwa pale.

Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na ulimi mwepesi, akamuuliza: "Basi mzee, wewe unayekesha hapa, unaogopa nini?"

Mzee hakufikiri sana. "Kelele siziogopi. Usiku mzuri una kelele zake. Chupa zinagongana kule kiwandani, jenereta ya jirani inanguruma, mbwa wanabweka, redio yangu inasema. Mbwa wakinyamaza wote pamoja, hapo nasimama."

Tulikaa palepale tukaandika upya. Msichana anatoka ghalani. Kiti cha zamu kitupu, redio inasema peke yake, chai bado inatoa mvuke. Anatembea kuelekea getini. Chupa zinanyamaza. Jenereta inanyamaza. Mbwa wananyamaza. Mwisho redio inazimwa, na hatuoni mkono wa aliyeizima.

Mwalimu alikuwa ametuonyesha M, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1931. Mtoto anauawa mwanzoni, lakini mauaji hayaonyeshwi: tunaona mpira ukibingirika majanini na puto limenaswa kwenye nyaya za simu. Darasani tuliliandika hilo kwenye daftari kama jambo la Wajerumani. Kwa yule mzee lilikuwa jambo la kazi yake ya kila usiku.

Shida ilikuwa mbwa. Mbwa hawasomi mswada. Mzee aliwapa mifupa, wakaila na kuendelea kubweka. Ikabidi sauti zote tuzirekodi mbalimbali na kuzipanga wakati wa kuhariri. Hapo nikajifunza kwamba ukimya wa filamu nao hurekodiwa. Ukiondoa sauti zote, mtazamaji hudhani spika imeharibika. Tulisimama uani usiku wa manane bila kusema neno, kinasa sauti mkononi, tukiichukua pumzi ya mahali penyewe: mngurumo wa mbali, upepo kwenye mabati.

Darasani taa zilipozimwa, watu walitazama wakiguna. Redio ilipokatika, mtu wa nyuma aliomba kwa sauti taa ziwashwe. Mzee tulimwonyesha kwenye kompyuta, pale getini. Alitazama hadi mwisho, akatoa hukumu: "Huyo binti angekimbia pale alipokiona kiti kitupu."

Mei 2015, katika siku za jaribio la mapinduzi, vituo vya redio binafsi vya Bujumbura vilishambuliwa. RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilinyamaza. Nilimkumbuka mzee na hesabu yake ya kelele. Alikuwa ametueleza jinsi jiji linavyojua kwamba kuna hatari, na sisi tulidhani anatufundisha filamu tu.

Siku hizi kijana mwenye simu anaweza kufanya peke yake kazi iliyotuhitaji sisi kundi zima na kamera ya kuazima. Naona filamu fupi nyingi, na nyingi zinafungua kwa bunduki. Ushauri wangu kwa wanaoanza ni huu: kabla hujatafuta silaha ya kuchonga, mwendee anayelinda mahali unapotaka kupiga picha, mpe heshima yake, kisha muulize anaogopa nini. Mswada anao yeye.