Mhunze: Picha kwa Wote, Kamera kwa Wachache

Ndugu msomaji, ukitoka mjini Shinyanga na kushika njia ya Mwanza, utafika Kolandoto. Hapo uiache barabara kuu, ukate kulia, upite mashamba ya pamba na mbuga za udongo mweusi hadi Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu iliyoanzishwa mwaka 2002.

Wilaya hii haikosi mali. Humo umo mgodi wa almasi wa Mwadui, alioufungua John Williamson baada ya kugundua almasi mwaka 1940. Almasi ya rangi ya waridi aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947 ilitoka huko. Lakini wakazi walio wengi ni wakulima na wafugaji, na mkulima wa pamba hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka, msimu wa ununuzi ufunguliwapo. Ukitaka kuipima tofauti hiyo ya vipato, itazame kamera.

Zamani mwenye mshahara wa kila mwezi aliweza kudunduliza akanunua kamera ndogo na filamu zake. Mkulima hakununua kamera, alinunua picha. Baada ya mavuno alivaa nguo za sikukuu, akaketi mbele ya mpiga picha, akalipia nakala moja ya kutundika ukutani.

Siku hizi simu imeiondoa kamera ndogo sokoni. Watengenezaji wa Japani waliuza kamera za dijitali zipatazo milioni 121 mwaka 2010; mwaka 2021 hazikufika milioni 9, na nyingi kati ya hizo ni za wenye nacho. Kampuni ya Transsion ya China, yenye simu za Tecno na itel, ilikwisha kutambua kwamba hata mwenye kipato kidogo ni mnunuzi: ikauza kwa bei nafuu, ikarekebisha kamera zake zionyeshe vema sura za watu weusi.

Je, pengo limezibika? La, limehama tu. Simu ya bei ya chini ikiharibika, mara nyingi picha zote hupotea nayo, wakati ile nakala ya zamani ingali ukutani.

Basi, ndugu msomaji, uendapo kuwaamkia wazazi na simu yako nzuri, usiwapige picha ukaondoka nazo. Zisafishe, uwapelekee mkononi. Mzee ambaye pamba yake ilikusomesha asikose sura yake nyumbani mwake.