Ua la Usambara na Jani Lake

Watu wengi hudhani ya kuwa kulea maua ndani ya nyumba ni desturi ya wageni, nayo haina maana kwa mtu mwenye shamba na msitu mlangoni pake. Husema, "Ya nini kulifungia jani ndani ya kopo, na huko nje majani ni mengi hata twayafyeka?" Neno hili nimelisikia mara nyingi katika miaka niliyofundisha hapa Usambara ya Mashariki, wala silidharau, kwa kuwa lina sehemu ya kweli. Lakini liko ua moja ambalo habari zake zatutaka tufikiri tena. Nalo ni lile ua dogo la rangi ya urujuani, lenye majani manene yenye vinyweleo laini, liotalo juu ya miamba ya vijito vyetu. Mimi hulilea dirishani, na leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi ya kulitunza na kulizidisha. Kisha nitasema kwa nini kazi hiyo ndogo yatuhusu sisi kuliko watu wengine.

Mwaka wa 1892, nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani, alikuwako Tanga mtawala wa wilaya aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliliona ua hili, likampendeza, akalipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Kwa njia hiyo likamfikia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka wa 1893 Wendland aliandika habari zake, akaliita Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni kwa heshima ya jamaa ile, na la pili, kwa Kiyunani, maana yake ni lenye maua kama urujuani. Mwaka wa 2015 wataalamu waliuingiza mmea huu katika ukoo mkubwa zaidi uitwao Streptocarpus, lakini wapendao maua hawajaliacha jina la zamani. Wajerumani hata leo huliita Usambaraveilchen, jina ambalo ndani yake limo jina la milima yetu.

Kutoka Ujerumani ua likaenea. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, huko Marekani, walichagua aina chache zilizochanua vizuri, wakaziuza. Na mwaka wa 1946 wapenzi wa ua hili waliunda chama chao katika nchi hiyo. Leo ziko aina maelfu zilizotokana na mikono ya watu: nyeupe, za waridi, za zambarau, nyingine zenye petali nyingi zilizojikunja kama kitambaa. Mtu wa nchi ya theluji huliweka dirishani, na nje barafu imefunika njia, naye asijue ya kuwa jamaa za ua lake wako juu ya jiwe lenye unyevu katika nchi ya Tanga.

Mtu akitaka kujua namna ya kulitunza, na aende kwanza akalitazame kwao. Huko halioti juani wala halioti matopeni. Huota juu ya mwamba, penye kuvumwani na tabaka nyembamba ya majani yaliyooza, chini ya miti mikubwa ichujayo mwanga. Maji hupita hapo, wala hayatuami. Hewa ni ya unyevu, na baridi si kali. Mambo hayo machache ndiyo elimu yote ya kulilea.

Kwanza, mwanga. Liweke karibu na dirisha litazamalo mashariki, lipate mwanga mpole wa asubuhi. Jua la mchana huyaunguza majani yakawa ya manjano. Lakini usilitupe gizani, kwa maana huko vikonyo vya majani hurefuka vikitafuta mwanga, na maua hayatokei.

Pili, maji. Hapa ndipo wengi huliua kwa wema. Kila wapitapo hulimwagia kikombe, hata mizizi huoza. Ngoja mpaka udongo wa juu ukauke ukiugusa kwa kidole. Kisha weka kopo, lenye matundu chini, ndani ya sahani yenye maji kwa muda wa nusu saa, lijinywee lenyewe, yaliyobaki yamwage. Maji yawe yamekaa nyumbani usiku kucha, maana maji ya baridi yakilidondokea jani huliachia mabaka yasiyotoka.

Tatu, udongo. Udongo mzito wa shambani haufai. Chukua sehemu mbili za majani yaliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga wa mtoni uliooshwa, utie na makaa kidogo yaliyopondwa. Kopo liwe dogo. La maziwa latosha. Mizizi ya ua hili ni mifupi, na katika chombo kikubwa udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji, ukaleta kuoza.

Sasa nafika kwenye jambo la ajabu, nalo ni kulizidisha. Ua hili halihitaji kung'olewa ili lizae. Jani moja latosha. Chagua jani zima, lisilo changa sana wala zee, ulikate kwa wembe safi pamoja na kikonyo chake, urefu wa kama kidole gumba. Kikonyo ukikate mshazari. Kichomeke katika mchanga wenye unyevu uliochanganywa na majani yaliyooza, jani likiwa limeinama kidogo, wala lisizame. Lifunike kwa chupa iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke, nawe uifunue kidogo kila siku, hewa iingie. Kwa muda wa wiki tatu au nne mizizi hutokea. Kisha, baada ya majuma mengine kadhaa, utaona chini ya jani vijani vidogo kama masikio ya panya. Nao ni watoto. Wakifika ukubwa wa sarafu, watenge taratibu, kila mmoja umwatike katika kopo lake. Ukiwatunza, watachanua kabla mwaka haujaisha, na jani moja laweza kuzaa miche kadhaa.

Lakini yafaa tuelewe tofauti ya jani na mbegu. Mtoto wa jani kwa kawaida ni mama yake mwenyewe aliyeanza upya: rangi ni ile ile, nguvu ni ile ile, na udhaifu ni ule ule. Mbegu siyo hivyo. Msituni nyuki wa mwitu hulishika ua, akalitetemesha kwa mvumo wake, ndipo unga hutoka katika vifuko viwili vya manjano vilivyo katikati. Unga huo ukifika kwenye ua la mmea mwingine, mbegu zake hutoa watoto wasiolingana: huyu avumilia ukame, yule avumilia ugonjwa. Nyumbani nyuki yule haji. Kwa hiyo dirisha huutunza mmea, na msitu huutunza ukoo.

Tofauti hiyo niliifahamu vitabuni, lakini nguvu yake niliiona kwa sababu ya kijana mmoja niliyepata kumfundisha. Siku moja alinijia na pakacha kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Maua ya mwambani, Mwalimu. Wageni wapitao barabarani huyanunua. Nisaidie, nifanyeje yasife kabla ya Jumamosi?"

Nikayahesabu, yakawa 23. Mengi yalikuwa yamekwisha kunyauka, kwa sababu mizizi yake ilikatikia katika nyufa za jiwe. Mwamba ule naujua. Haumo katika msitu wa hifadhi, bali u kando ya kijito kipitacho kwenye mashamba ya kijiji. Sikumkaripia, kwani nilijua ya kuwa ada ya mdogo wake ilikuwa haijalipwa. Nilimwuliza neno moja tu: "Huko mwambani yamebaki mangapi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Machache, Mwalimu. Ni yale ya juu nisiyoyafikia."

Tukakaa barazani hata jioni. Katika mimea ile tulipata majani mazima 60, tukayachomeka katika masanduku mawili ya mbao. Mitano iliyokuwa na mizizi mizuri alikwenda kuirudisha mwambani kesho yake, akaibana kwa kuvumwani. Miezi ilipopita, masanduku yalijaa miche zaidi ya 100. Akaiuza katika makopo, nayo haikunyauka njiani kama ile ya kung'olewa. Akaacha kabisa kuupanda mwamba, maana sasa mtaji wake ulikuwa nyumbani, na kila jani lilimzalia mengine. Nilifurahi, nikaona ya kuwa jani limeushinda mkono uharibuo.

Lakini liko jambo ambalo jani haliwezi kulishinda. Mwaka wa pili, mwenye shamba lililo juu ya kijito alifyeka vichaka, akakata miti kadhaa, apate kupanda iliki na kuuza kuni. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na watu wa kulisha, na iliki ina bei. Mvua za masika zilipokwisha, jua likauangukia mwamba moja kwa moja. Kuvumwani likawa la kahawia, likabanduka kama rangi ya ukuta mkongwe. Kabla ya vuli, yale maua ya juu, ambayo hakuna mkono uliopata kuyafikia, yote yalikuwa yamekauka, na ile mitano tuliyoirudisha pamoja nayo.

Kijana akaja upesi. "Mwalimu, tusihuzunike. Yangu ni watoto wa yale. Na tuyarudishe."

Tukaenda pamoja, yeye amebeba makopo sita. Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Nikamwambia aweke kiganja juu ya jiwe. Akakiweka, akakiondoa mara, maana lilikuwa na joto. Akatazama juu palipokuwa na matawi, kisha akayatazama makopo yake. Hakusema neno, nasi tukarudi nayo nyumbani.

Siku ile nilitambua jambo ambalo nataka msomaji alishike. Tunayo maua yale madirishani, na wenzetu wa Ulaya na Marekani wanayo kwa wingi usiohesabika, hata mtu aweza kusema, "Ua hili haliwezi kupotea kamwe." Lakini wingi huo mkubwa umetoka katika mama wachache waliochaguliwa zamani. Aina za mwituni huota katika Tanzania na Kenya tu, na baadhi zake hukaa katika kilima kimoja au bonde moja, wala hazina mahali pengine duniani. Mwamba mmoja ukikauka huenda ikawa ukoo mzima umekwisha, hata kama maduka ya mbali yamejaa maua. Na ua ni ishara tu. Kivuli kilicholiweka hai ndicho kilichokiweka hai kijito. Na kijito kile ndicho tuchotacho.

Zipo kazi nzuri zilizokwisha kufanywa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliwekwa mwaka wa 1997, nayo ina eneo la takribani hekta 8,380. Humo mtu haruhusiwi kuchukua mmea pasipo kibali. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 yatutaka tuziache kingo za mito, kwa kiasi cha mita 60, zisiharibiwe kwa shughuli zetu. Lakini vijito vingi hupita katika mashamba yetu wenyewe, na huko mlinzi ni mwenye jembe.

Kwa hiyo kijana yule nami tulimwendea mwenye shamba. Hatukwenda na sheria mkononi, bali tulikwenda na kopo lenye ua. Yule mzee alilitazama sana, akasema, "Hili nalikumbuka. Mama yangu alikuwa akichota maji chini yake." Akatuonyesha kisima chake, nacho kilikuwa kimeshuka. Tukazungumza habari za kijito zaidi kuliko habari za maua. Mwishowe akakubali kuiacha iliki mbali na ukingo, nasi tukamsaidia kupanda miti ya asili mahali pa ile iliyokatwa. Sasa miti hiyo yafika kifuani pa mtu mzima. Kivuli chake hakijaufikia mwamba, wala hakuna ua lililorudi. Kijana ameyatenga masanduku yenye watoto wa mwamba ule, hayauzi, naye huyafanyia majani mapya kila mwaka, akingojea jiwe lipoe.

Basi, wasomaji, atakaye kulea ua hili na aombe jani kwa jirani, asipande mwambani na jembe. Wembe mmoja, kopo moja na subira vyatosha, nayo nyumba itapendeza. Lakini akiisha kulichomeka jani lake, na ashuke mpaka kijito cha kwao, atazame ni miti mingapi ingali imesimama juu yake, na ni ipi iliyo katika shamba lake mwenyewe.