Kuchanga si Kuchangishwa

Katika mambo yanayovunja urafiki wa watu wazima, mara nyingi fedha ndogo ina nguvu kuliko fedha kubwa. Mtu aliyemkopesha mwenzake shilingi 500,000 huandikiana naye, na siku ikifika hudai bila haya. Lakini mtu aliyelipishwa shilingi 20,000 za chakula ambacho hakukila hunyamaza, kwa kuwa kwetu ni aibu mtu mzima kuhesabu matonge ya wenziwe. Hunyamaza, akaenda nyumbani na uchungu wake, na urafiki ukaanza kuoza kimyakimya.

Ndugu msomaji, nazungumza juu ya jambo ambalo sisi tufanyao kazi za ofisini hapa Musoma tunalijua vema ingawa hatulisemi, nalo ni namna ya kulipa tunapotoka pamoja jioni baada ya kazi. Mji wetu umekaa juu ya rasi iliyoingia ziwani, na mtu hahitaji kwenda mbali ili apate mahali penye upepo na samaki. Mwenzetu akipata uhamisho, huagwa. Akipanda cheo, hupongezwa. Mwaka ukiisha, huambiwa tukae pamoja tupumue. Huagizwa sato wa kuchoma, mbuzi, ndizi na ugali. Wengine hunywa bia na wengine soda. Kicheko huwa kingi mpaka mhudumu aletapo karatasi ya hesabu. Hapo ghafla kila mtu hukumbuka kuitazama simu yake.

Njia za kuimaliza hesabu hiyo ni nne. Ya kwanza ni ofa, yaani mtu mmoja hulipa yote. Ni njia nzuri endapo mwenye kutoa ametamka mapema na kwa hiari yake. Lakini mkubwa anayetazamiwa kulipa kila mara huchoka, na wadogo wanaolipiwa kila mara hujikuta wanacheka hata pasipo na la kuchekesha. Ya pili ni raundi, ambapo kila mmoja hununulia meza nzima kwa zamu. Njia hii ina mtego: watu wakiwa sita, raundi lazima ziwe sita, hata kama watano walikwisha kutosheka katika ya pili. Aliyekunywa soda moja naye atanunua bia tano. Ya tatu ni kugawa hesabu sawa kwa sawa. Ya nne ni kila mtu kulipa alichoagiza, njia ambayo wengi huidharau wakisema ni uchoyo na si desturi yetu.

Hiyo ya tatu ndiyo inayopendwa, maana ni nyepesi na huonekana kuwa ya haki. Nitaeleza nililoliona.

Mwaka 2023 tulikwenda Bunda, mji ulioko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kuja kwetu, kwa semina ya siku mbili. Usiku wa mwisho mmoja wetu alipendekeza tule pamoja, nasi tukakubali, watu tisa. Miongoni mwetu alikuwamo tarishi wa ofisi, mzee aliyekaribia kustaafu, aliyekuja kwa kazi ya kubeba na kugawa makabrasha. Posho aliyopewa ilikuwa ndogo kuliko ya maofisa, naye alikusudia kurudi nayo nyumbani. Aliagiza ugali kwa dagaa na soda mbili, jumla shilingi 7,000. Wengine waliagiza mbuzi, wakaongeza sato mzima, wakaongeza na bia, kisha wakaongeza tena. Karatasi ilipokuja ilisoma shilingi 252,000.

“Tugawe kwa tisa, mambo yaishe,” akasema mmoja.

Kwa kuwa kazi yangu ni uhasibu, nilipendekeza kila mtu ataje alichokula. Nikajibiwa kwa kicheko kwamba hesabu za ofisini ziachwe ofisini. Ikawa shilingi 28,000 kwa kila mtu. Mzee alizitoa, akazinyoosha moja moja juu ya meza, akaaga, akaenda kulala. Alikuwa amelipa mara nne ya alichokula.

Tuupime uzito wa fedha hiyo. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, kuanzia Julai 2022 hadi kilipopandishwa kufika shilingi 500,000 mwezi Julai 2025, kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku 22 za kazi, unapata kiasi cha shilingi 16,800 kwa siku. Mshahara wa mzee haukuwa mbali na kima hicho. Kwa hiyo katika mlo mmoja ilikwenda kazi yake ya zaidi ya siku moja na nusu. Kwa ofisa aliyekaa upande wa pili wa meza, shilingi 28,000 zile zile zilikuwa jasho la saa chache tu. Hesabu ilikuwa sawa, lakini mzigo haukuwa sawa.

Miezi michache baadaye tulimuaga karani mmoja kijana aliyehamishiwa mkoa mwingine, binti ambaye mzee alimpenda kama mwanawe. Mzee hakuja. Alituma salamu kwamba ana homa. Mezani palisemwa kuwa siku hizi mzee amekuwa mbahili, na kwamba uzee una mambo. Kesho yake nilimkuta ofisini ni mzima wa afya.

“Shikamoo Mzee. Homa imepoa?”

“Marahaba, mwanangu. Homa yangu ni ile ya Bunda,” akajibu, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau. “Mimi kuchanga siogopi. Msiba ukitokea mtaani kwetu, daftari linanijua. Ninachoogopa ni kuchangishwa. Pale mezani siijui bei mpaka imekwisha kuliwa.”

Zile fedha za Bunda zilikuwa za sare ya mjukuu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, lakini sare na madaftari ni juu ya mzazi. Tena lililomuuma zaidi halikuwa sare. Aliporudi nyumbani na kumweleza mkewe kuwa shilingi 28,000 zimekwisha kwa ugali na dagaa, mama yule hakuamini. Ni mke gani angeamini? Wanandoa wa miaka mingi walikaa juma zima wakisemeshana kwa mafumbo, kwa sababu ya bia ambayo mzee hakuionja. Na yule binti ambaye tulidhani mzee amemnyima heshima, kumbe alikwisha kumpelekea kwao kikapu cha dagaa wakavu, bila kumwambia mtu.

Msomaji asidhani kwamba wale walioagiza sana walikuwa watu wabaya. Ni mpango wenyewe unaomvuta mtu. Mwaka 2004 watafiti watatu, Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika mgahawa mmoja huko Haifa, Israeli. Waliwakalisha watu mezani sita sita. Walioambiwa kuwa kila mmoja atalipa chake, waliagiza chakula cha wastani wa shekeli 37 kwa mtu. Walioambiwa kuwa hesabu itagawanywa sawa, wastani ulipanda kufika 51. Walioambiwa kuwa watalipiwa yote, wastani ulifika 82. Sababu yake ni rahisi. Mkiwa sita mnaogawana sawa, samaki wa shilingi 18,000 anakugharimu wewe 3,000 tu. 15,000 zilizobaki zinatoka katika mifuko ya wenzako. Kila mmoja akilifikiria hilo moyoni, au hata asipolifikiria, meza hujaa vyakula ambavyo hakuna mmoja wao angevinunua kwa fedha yake mwenyewe. Na mwenye kujizuia ndiye anayeumia kuliko wote.

Wapo wanaotetea kugawa sawa kwa sawa kwa kusema kwamba ndio udugu wa Kiafrika. Mimi naona kinyume chake. Desturi yetu ya kuchangiana ina kanuni mbili ambazo meza ya hotelini imezitupa. Kanuni ya kwanza ni kwamba kiasi hujulikana kabla. Katika arusi kuna kamati, kuna kadi, kuna ahadi. Mtu hutamka atakachotoa, na karamu hupangwa kwa kadiri ya kilichopatikana. Kanuni ya pili ni kwamba kila mtu hutoa kwa uwezo wake. Katika daftari la msiba aliyetoa shilingi 2,000 huandikwa karibu na aliyetoa 50,000, na wote hula chungu kimoja. Mezani hotelini tumeigeuza kazi juu chini: tunakula kwanza, tunahesabu baadaye, na mnyonge hutozwa sawa na mwenye nguvu.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika kijitabu chake juu ya Ujamaa cha mwaka 1962, aliikumbusha methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja methali hii kwa kukemea uvivu, nao hawakosei. Lakini tuangalie pia adabu iliyomo ndani yake. Jembe lile hutolewa mchana, mgeni akaliona, akalishika, akajua shamba liko wapi. Halifichwi chini ya sahani ili alikute akimaliza kula.

Butiama ndiko nilikoona jambo hili likitendeka ipasavyo. Oktoba 14, 2024, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Mwalimu, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 1999, baadhi yetu wa ofisini tulikwenda huko kulizuru kaburi lake. Safari hii tulikubaliana juma moja kabla. Mkuu wetu alitaja shilingi 30,000 yeye mwenyewe, maofisa tukatoa 10,000 kila mmoja, makarani 5,000, dereva na tarishi 3,000. Mama lishe alikabidhiwa fedha asubuhi, akaambiwa idadi ya watu, akapika ugali wa muhogo na samaki kwa kadiri ya fedha hiyo. Aliyetaka bia alijinunulia mwenyewe. Mzee wetu alikuja. Alikula akashiba, akatusimulia habari za ujana wake mpaka jua likapinda, na hakuna aliyetazama simu.

Wala mkuu yule hakufanya jipya. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na ubishi ukahamia kwenye mishahara ya wakubwa, Mwalimu aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Aliye juu akianza kujipima, walio chini hawaoni aibu kutaja uwezo wao.

Nami nikiwa mama, sina budi kuongeza neno juu ya akina dada. Wengi wetu huondoka mapema, kwa kuwa watoto wanangoja, kisha kesho yake huletewa fungu la hesabu ya vitu vilivyoagizwa baada ya sisi kuondoka. Wengine hulipiwa na mwanamume wa ofisini bila kuomba, na baada ya siku mbili tatu huanza kukumbushwa ukarimu ule kwa maneno yenye mkia. Dada anayelijua fungu lake, akalilipa mwenyewe na kuondoka, hana deni la fedha wala la maelezo kwa mtu yeyote.

Basi adabu ninayoipendekeza ni hii. Kwanza, mwenye kualika aseme siku ile ile ya mwaliko: nawalipia, au tunachanga kiasi fulani, au kila mtu na chake. Pili, wakikubaliana kuchanga, kiasi kikadiriwe kwa mwenye kipato kidogo kuliko wote, na wenye zaidi waongeze bila kutangaza. Tatu, vileo visiingizwe katika hesabu ya chakula. Nne, mtu anayewahi kuondoka alipe kwa mhudumu alichotumia, na jina lake lifutwe hapo hapo. Tano, mkubwa wa kazi asimwulize mdogo mbele za watu kwa nini ameagiza kidogo. Zamani tulisingizia kukosa chenji. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kisingizio hicho kimekwisha, maana kila mmoja aweza kulipa fungu lake mpaka shilingi ya mwisho.

Kula pamoja na watu unaofanya nao kazi ni jambo jema, na sipendi likome. Watu waliowahi kugawana samaki hawafichiani mafaili. Ila tukumbuke kwamba nyuma ya kila aliyekaa mezani ipo nyumba, na ndani ya nyumba ile yupo mtu anayeingoja fedha ile ile. Kutaja kiasi kabla ya kuagiza huchukua dakika moja tu.