Gari Dogo, Furaha Ndogo na Deni la Umma

Mtumishi wa umma anaponunua gari katika nchi yetu, hanunui peke yake. Kabla fedha hazijatoka benki, ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake huwa wamekwisha kulipangia kazi: litapeleka watoto shule, litabeba saruji ya kumalizia banda la uani, litakwenda msibani Jumamosi na harusini Jumapili, na usiku wa manane litakuwa gari la wagonjwa. Ndiyo maana nilipotangaza nyumbani kwamba natafuta gari dogo lenye hulka ya gari la mashindano, lililokwisha tumika, tena la gia za mkono, kimya kilitanda mezani kana kwamba nimetangaza kuacha kazi.

Magari matatu yaliishindania akiba yangu. La kwanza lilikuwa Toyota IST, gari ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amelipanda, walau kwa kukodi. Spea zake zimejaa Ilala na Gerezani, mafundi wake hawahesabiki, na siku ukitaka kuliuza halikai. La pili lilikuwa Mazda MX-5, ambalo Wajapani walilizindua mwaka 1989 wakifuata mtindo wa vigari vya wazi vya Waingereza: viti viwili, paa la kukunja, injini mbele, na nguvu inayosukuma magurudumu ya nyuma. La tatu lilikuwa Suzuki Swift Sport. Hili kwa umbo ni gari la kawaida la familia, lina milango minne na mlango wa buti, lakini limepewa injini ya lita 1.6, springi ngumu na usukani mwepesi kutii, na uzito wake ni tani moja na ushee tu.

Wazo la kuagiza Japani nililiacha mapema, baada ya kukokotoa kodi. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, kuna ushuru mwingine wa uchakavu unaofika asilimia 30 gari likizidi miaka kumi, kisha juu ya vyote hivyo kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa gari la umri niliouweza, jumla ya kodi ilikaribia thamani ya gari lenyewe: shilingi moja ya gari, shilingi nyingine ya serikali. Sina ugomvi na kodi. Ndiyo inayonilipa mshahara. Hata hivyo ilinielekeza kutafuta gari la mkononi, ambalo mwenzangu mmoja amekwisha kulilipia mzigo huo, likiwa na namba D na vumbi la Dar es Salaam tayari.

Mke wangu alimaliza hoja ya Mazda kwa sentensi moja. "Baba Neema," aliniambia, "hilo la viti viwili, mama akiugua utamweka kwenye buti?"

Nikachukua daftari, nikagawa ukurasa safu mbili. Safu ya kushoto niliiita Matumizi, ya kulia nikaiita Furaha. Ya kulia ilijaa mstari mmoja tu: napenda kuendesha. Ya kushoto ilijaa upesi. Kupeleka watoto shule, kwa kuwa daladala za asubuhi huwakwepa wanafunzi wanaolipa nauli ndogo. Kubeba wagonjwa usiku, kwa kuwa gari la wagonjwa ni jambo la kusikia. Gari liwe la juu, kwa kuwa mvua kubwa ikinyesha mfereji wa mtaani kwetu huhamia barabarani. Liwe na nafasi ya mizigo, kwa kuwa safari ya kwenda kumwona mama Lushoto haiishi bila magunia, kwenda na kurudi.

Nilipousoma ukurasa ule kwa mara ya pili nilitambua jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Karibu kila mstari wa safu ya Matumizi ulikuwa na jina la huduma ya umma ambayo haipo, au ipo kwa jina tu. Shule isiyo na usafiri, zahanati isiyo na gari, mtaa usio na mtaro. Kile tunachokiita "gari la maana" ni gari linaloziba mapengo hayo, na anayelinunua hulipa mara mbili: hulipa kodi ili huduma iwepo, kisha hununua bati la kufanya kazi ya huduma hiyo. Tunapomshauri kijana aliyeajiriwa juzi achague gari "la kufaa", mara nyingi tunamkabidhi sehemu yake ya deni la umma.

Sisemi haya kwa dharau. Miaka kadhaa iliyopita, saa tisa usiku, jirani aligonga dirisha langu. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu. Gari langu la wakati ule lilikuwa limezeeka, kiti cha nyuma kimechanika, lakini lilitufikisha. Mtoto aliyezaliwa asubuhi ile leo yuko chekechea na huniita Babu Gari. Siwezi kuandika habari za kustarehe na gari nikajifanya kwamba dirisha lile halitagongwa tena. Litagongwa. Lakini ni jambo la aibu kwa nchi kwamba uhai wa mama na mtoto utegemee kama mhadhiri wa jirani alinunua gari la viti viwili au vitano.

Sasa niiendee safu ya kulia, ile yenye mstari mmoja. Wengi hudhani furaha ya gari la namna hii ni mwendokasi. La hasha. Sheria inataka mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kwa jinsi tunavyozika watu kutokana na ajali, sina hamu ya kubishana na kibao hicho. Furaha ya gari dogo jepesi iko katika mwendo mdogo. Unapunguza gia kabla ya kona, klachi inashika pale mguu ulipoitegemea, usukani unakueleza lami ikoje chini yako, na gari linageuka bila kulalia upande. Ni furaha ya fundi seremala anayeona randa inakata sawasawa: mkono unafanya jambo, na jambo linatii. Mtu anayeshinda katika vikao, ambako nusu ya maamuzi hayatiiwi na yeyote, hatashindwa kuielewa furaha hiyo.

Mwanafunzi wangu mmoja, mwanaharakati hodari, alinibana kwenye korido. "Mwalimu," akasema, "wewe unatufundisha Azimio la Arusha, kisha unatafuta gari la starehe?" Swali lake lilistahili jibu. Azimio la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kumiliki nyumba za kupangisha. Makatazo hayo yote yana shina moja: usiishi kwa jasho la mwingine. Kwa hiyo mbele ya starehe yoyote nilimwomba aulize kwanza ni nani aliyelipa, kisha ni nani anayehatarishwa. Starehe iliyolipwa kwa mshahara wa mtu, isiyomtia mwenzake hatarini, sioni Azimio likiisumbukia.

Starehe inayopaswa kutusumbua ni ile inayovaa kanzu ya ulazima. Kizazi cha wazazi wetu kiliwaita wenye tabia hiyo Wabenzi. Sisi tumeona Benzi ikiondoka na shangingi likija. Hoja ya shangingi daima ni barabara mbovu. Dereva anamsubiri bosi kwenye lami ya katikati ya jiji, injini inanguruma ili kiyoyozi kisizimike, chombo kina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, na tope la mwisho kulipata ni la kampeni iliyopita. Hakuna katika ofisi ile atakayeandika kwenye dokezo kwamba mkubwa analipenda gari hilo kwa sababu linampendeza. Ataandika "mazingira ya kazi". Safu ya Furaha imehamishiwa kwenye safu ya Matumizi, na mlipakodi ndiye amelipa.

Na hoja yenyewe ya barabara mbovu ilikwisha kujibiwa zamani, hapahapa Afrika Mashariki. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara ambazo zilikuwa vumbi au tope tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walizishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, iliyokuwa imeshindana mwaka uliotangulia ikiwa mali ya kiwanda. Mwaka 1974, na tena 1976, Joginder alishinda kwa Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, gari ambalo ukilisimamisha kando ya shangingi la leo litaonekana kama ndama. Sidai kwamba Bwana Afya wa Kilombero aende kazini kwa Swift. Kuna kazi zinazotaka gari la juu lenye nguvu ya magurudumu manne, na mara nyingi wenye kazi hizo ndio wasiopewa. Ninachodai ni kwamba ustadi wa dereva, matengenezo ya wakati na kujua njia vilishinda Safari kabla ya ukubwa wa injini.

Basi nikalinunua lile la tatu. Fundi niliyempeleka kulikagua alilala chini yake robo saa, akalinganisha namba ya chesisi na kadi, akaupima mgongo wa klachi kwa sikio, kisha akajifuta mikono. "Mwalimu," akasema, "hili lilikuwa la kijana. Vijana hawabadilishi oili, wanabadilisha redio. Lakini injini ni nzima." Tuliweka shokapu mpya, tukamwaga oili zote, nikakata bima kubwa badala ya ndogo. Linagusa matuta mawili kati ya nyumbani na barabara kuu nisipoyakabili kwa upande. Siku za mafuriko nitaliacha nyumbani. Spea nyingine itanibidi kuzisubiri. Hizo ndizo gharama za safu ya kulia, na nimeziandika mahali pake, kwa jina lake.

Kiti cha nyuma kipo, kwa ajili ya dirisha litakalogongwa. Siku za kazi bado napanda basi la mwendokasi, lililoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kwa sababu gari la mtu mmoja kwenye foleni halina furaha wala matumizi. Naamini kama basi hilo lingefika kila mtaa, na gari la wagonjwa likawa na namba inayopokelewa, wengi wetu tungegundua kwamba tulihitaji magari machache kuliko tuliyonayo, na madogo kuliko tuliyoyatamani.

Mwezi uliopita nilimpandisha mama kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 30 na ushee za kona zilizochongwa ubavuni mwa Usambara. Alilalamika kwamba gari limekaa chini kama mkeka. Tulipopita Soni alinyamaza, akatazama maporomoko, kisha akaniambia nisikimbie, ilhali sikuwa nakimbia. Tulipofika, aliuliza magunia yake ya viazi yatakaa wapi siku ya kurudi. Nikamwambia moja litakaa kwenye buti, la pili litasubiri basi. Alifikiri kidogo, akasema moja linatosha.