Mpira wa Kurudishia

Baba yangu alilinunua gari hili mnadani mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili. Ni Mercedes-Benz 240D ya umbo ambalo watengenezaji waliliita W123, lililoundwa kuanzia 1976 hadi 1985, na takriban magari milioni 2.7 ya umbo hilo yalitoka kiwandani. Wasomaji wa rika langu watalikumbuka: gari la wakubwa, lenye mlio wa dizeli unaosikika nyumba tatu kabla halijafika. Siku hizi macho ya Mzee hayamruhusu kuendesha. Kila mwezi mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya presha, na sharti lake ni moja tu: aende na gari lake.

Tatizo lilianza na foleni za Barabara ya Morogoro. Baada ya nusu saa hivi usukani ulikuwa unaanza kuwa mzito, pampu inalia kama mbwa aliyefungiwa nje, na harufu ya mafuta yaliyoungua inaingia ndani. Nikifungua boneti, kopo la mafuta ya pawa steringi halishikiki kwa mkono. Yaliyomo yamegeuka rangi ya kahawia na yanatoa povu.

Nililipeleka gari gereji. Fundi mkuu, mtu wa miaka mingi kazini, aliyaonja mafuta kwa kidole, akatikisa kichwa, akabadilisha mafuta. Baada ya wiki mbili hali ikarudi palepale. Safari ya pili akahukumu kwamba pampu imekufa. Kijana anayejifunza kazi pale, ambaye sidhani kama alikuwa amefikisha miaka ishirini, alikuwa ameinama upande wa pili akiubinyabinya mpira mmoja. Akasema, “Samahani Dokta, huu mpira upande huu ni mgumu, upande ule ni laini.” Fundi mkuu hakugeuka. Mimi niligeuka, na ingekuwa heri nisingegeuka, kwa maana nilimjibu hivi: “Kijana, mwache fundi afanye kazi yake.”

Nikalipa shilingi 380,000 kwa pampu iliyokwisha kutumika.

Niruhusuni nieleze mfumo huu unavyofanya kazi, kwa sababu nilijifunza kwa gharama. Usukani wa haidroliki si uvumbuzi wa jana. Chrysler ya Marekani iliuweka katika magari ya kuuzwa mwaka 1951. Mkanda wa injini unazungusha pampu, na pampu haipumziki maadamu injini inawaka. Gari likienda moja kwa moja, mafuta yanapita katika sanduku la usukani bila kufanya kazi yoyote, kisha yanarudi kwenye kopo. Dereva akikata kona, vali inayaelekeza mafuta upande mmoja wa pistoni, nayo inasaidia kuyasukuma magurudumu. Yakimaliza kazi yanarudi tena kwenye kopo, yanapita kwenye chujio, na safari inaanza upya. Mafuta yote katika mzunguko huo ni lita moja na kidogo.

Joto linatoka wapi, basi? Linatoka pale ambapo mafuta yanasukumwa na kuzuiwa kwa wakati mmoja. Hesabu yake ni fupi: mtiririko wa lita 6 kwa dakika ukikutana na kizuizi cha shinikizo la bar 60, wati 600 zinageuka joto. Ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme, ndani ya kikopo kile. Ndiyo maana dereva haruhusiwi kuukata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo: vali ya usalama ndani ya pampu inafunguka, na mafuta yanazunguka mle mle yakijichemsha yenyewe. Wengi wetu hufanya hivyo kila tunapoegesha. Lakini kizuizi kikiwa kwenye njia ya kurudi, pampu inasukumana nacho saa zote, hata barabara ikiwa imenyooka. Pampu mpya haiponyi ugonjwa huo. Pengine inauzidisha, kwa kuwa ina nguvu kuliko ile ya zamani.

Siku gari lilipotuaibisha tulikuwa tunatoka kliniki. Kwenye makutano, nikiwa nakata kulia, usukani ulikuwa mzito ghafla kama wa lori la zamani, na moshi ukatoka chini ya boneti. Mpira wa kurudishia ulikuwa umechomoka kwenye kibano chake na mafuta yanarukia bomba la moshi. Mafuta hayo yakikuta chuma chenye moto wa kutosha huwaka. Hayakuwaka. Nilizima injini nikamtoa Mzee, akasimama juani kandokando ya barabara akiegemea mkongojo wake, magari yakipiga honi nyuma yetu. Hakusema neno. Ningependelea angesema.

Jioni ile niliupasua mpira ule kwa kisu, juu ya meza ya jikoni. Kwa nje ulikuwa mzima, hata unang’aa. Kwa ndani ulikuwa umevimba, na ngozi yake ya ndani imebanduka na kujikunja hadi njia ikabaki kama tundu la mrija wa soda. Haukuwa mpira wa mafuta. Ulikuwa mpira wa maji, wa rejeta, ambao mafuta huulainisha na kuuvimbisha polepole. Nikakumbuka aliyeufunga: fundi wa kando ya barabara, miaka mitatu iliyopita, nikiwa nawahi kikao cha kitivo. Aliniambia waziwazi kwamba huo si wenyewe. Nikamwambia afunge wowote unaoingia.

Yule kijana alikuwa ameipata jibu kwa vidole viwili. Mgumu kabla ya kizuizi, laini baada yake. Mimi nilikuwa na shahada tatu na hamu ya kufika nyumbani.

Wanaonifahamu wanajua nimeandika mara kadhaa kuhusu masanduku ya maoni katika ofisi zetu za umma, yale yenye kufuli ambayo hakuna anayekumbuka ufunguo wake uko wapi. Sikuwahi kuandika kuhusu droo yangu. Kila muhula wanafunzi hujaza fomu za kuwatathmini wahadhiri, na nakala zangu huletwa ofisini katika bahasha. Usiku ule, mikono ikinuka mafuta, nilihesabu kichwani bahasha ambazo sijazifungua. Zilikuwa nne. Nimeanza na ya mwaka juzi. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba swali likiulizwa darasani kwangu, mimi hujibu aliyeuliza badala ya kujibu swali. Nimeusoma mstari huo mara nyingi.

Mpira sahihi, unaostahimili mafuta, niliupata Gerezani kwa shilingi 18,000, pamoja na vibano viwili. Nilisafisha kopo, nikabadilisha chujio, nikamwaga mafuta yote machafu na kuzungusha usukani taratibu, magurudumu ya mbele yakiwa juu ya jeki, hadi povu likaisha. Sasa, baada ya saa nzima ya foleni, kopo linashikika. Gereji nilirudi kumtafuta kijana. Walisema ameondoka, yuko Tegeta au Bunju, hawana hakika.

Mwezi huu tulipokuwa tunarudi kutoka kliniki, Mzee aliuliza mpira ule uligharimu kiasi gani. Nikamwambia.

“Na ile pampu, baba?”

Nikamwonyesha jengo jipya upande wa kushoto.