Kindi na Abiria Wake

Umepata kumwona kindi, msomaji, hapana shaka. Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa penye Changamwe, imejaa maghala na malori, lakini bado ina miembe na minazi ya kumhifadhi mnyama huyu mdogo. Kindi wa pwani yetu ana wekundu tumboni na mkiani, na wataalamu humwita Paraxerus palliatus. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuguguna kila siku. Mwenye mwembe humlaani kwa tabia hiyo, na wavulana humwinda kwa manati. Sikusudii kumtetea katika kesi ya maembe. Nataka umtazame kama chombo kilichopakia abiria.

Abiria hao ni vimelea, yaani viumbe waishio juu ya mwili wa kiumbe mwingine, au ndani yake, na kula kwake bila malipo. Waangalie kwanza wa nje. Chawa huzaliwa, huoa na kufa katika manyoya yale yale. Kucha zake zimeumbwa kwa unene wa unywele wa mwenyeji wake, hata akihamishiwa mnyama mwingine aghalabu hushindwa kushika. Kuna jamii ya chawa iitwayo Enderleinellus ambayo makao yake ni kindi na jamaa zao tu. Kiroboto ana desturi nyingine. Yeye hunywa damu ya kindi, lakini mayai yake huanguka tunduni, na watoto wake hulelewa katika takataka za malazi. Mnyama asiye na malazi ya kudumu hamfai sana. Kupe naye hupanda, hunywa, hushuka ardhini akajivua ngozi, kisha hungoja mnyama mwingine apite. Basi kindi ukimwona ana kupe, yamkini ameshuka mtini akatembea majanini, ingawa hukumwona kwa macho. Mtu mwenye kitana chembamba, hadubini na subira aweza kusoma mwenendo wa mnyama katika wadudu wake kama karani asomavyo hati. Kwangu mimi, hii ni elimu tamu kuliko kuhesabu mistari ya mkia.

Wa ndani ni wagumu zaidi kuonekana, na mahali petu panajua gharama ya kutowaona. Port Reitz imepewa jina la Luteni John James Reitz, ofisa wa Uingereza aliyewekwa kusimamia Mombasa mwaka 1824, akafa kwa homa mwaka ule ule, katika safari ya kwenda Pangani. Wakati ule hapana mtu duniani aliyejua kisa cha homa za namna hiyo. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo Laveran, daktari Mfaransa, alipoona kimelea cha malaria katika damu ya askari huko Aljeria, mwaka 1880.

Tangu hapo wachunguzi wamepekua damu ya wanyama wengi wa mwituni, na kindi hawakusahauliwa. Katika miaka ya 1950, watu wa Kitui walipokuwa wakiteswa na kalazari, ugonjwa unaovimbisha wengu na kukondesha mwili, mtafiti R. B. Heisch alipata vimelea vya Leishmania, jamii ile ile iletayo kalazari, katika kindi wa ardhini hapa Kenya. Mwaka 1985, katika misitu ya Kongo, virusi vya ndui ya nyani vilipatikana katika kindi mgonjwa wa mtini. (Jina la ugonjwa huo limemwonea nyani: alitwikwa kwa kuwa ulionekana mara ya kwanza katika nyani wa maabara mjini Copenhagen, mwaka 1958. Siku hizi huitwa mpox.) Tena mwaka 2003 wanyama wadogo kutoka Ghana, kindi wakiwamo, walipelekwa Marekani kuuzwa kwa watu wapendao kufuga, ugonjwa ukatoka kwao ukaingia katika wanyama wengine madukani, na mwisho watu 47 wakahesabiwa kuwa wameugua au kudhaniwa hivyo.

Mpox ulithibitishwa Kenya Julai 2024, kwa msafiri aliyepimwa Taveta, na baadaye ukafika Mombasa. Usikimbilie kumshtaki kindi wa mwembe wako. Kindi wa Kongo ni wa aina nyingine, na ugonjwa huu hupita sana kati ya mtu na mtu kwa kugusana.

Lakini mvulana wa manati namwambia jambo moja. Kindi aliye hai juu ya mti hana haja nawe. Akikuona hutikisa mkia, hupiga kelele, hutokomea. Ukimwangusha na kumwokota, umeufuta umbali uliokuwa ukikulinda. Mwili upoapo, chawa wengi hufa nao, bali viroboto huuhama wakatafuta damu yenye joto, na damu iliyo karibu ni ya mkono uliomshika. Na kindi anayejiacha akamatwe kwa mkono bila shida, huyo hasa usimguse: mnyama wa mwitu aliyesahau kukimbia ana jambo lililompata. Mwite mtu mzima.

Zamani mtaalamu naye alianza kwa bunduki, na ngozi ikaishia makumbusho. Siku hizi yupo anayefunga kizimba mtini na kutia njugu ndani. Kindi akiingia, huvishwa mfuko wa kitambaa, hupimwa uzito, huchanwa kwa kitana juu ya karatasi nyeupe, hutolewa tone la damu. Mshikaji amevaa glavu. Kisha huachwa pale pale alipokamatwa. Wako wanyama ambao kesho yake hurudi kizimbani kwa hiari zao, maana wamekwisha kujua kwamba njugu ni za kweli na kitana hakiui.