Kobe wa msituni hafai kufugwa uani



Juma lililopita mtoto wa dada yangu aliingia nyumbani na kobe mikononi. Alimuokota katika shamba la kakao, mvua ilipokatika. Yeye na mama yake wako kwetu tangu walipokimbia waasi wa ADF; kuku na mbuzi wao walibaki huko.

"Mjomba," akaniambia, "huyu hawezi kutoroka. Niache nimfuge."

Sikumjibu upesi. Nikiwa na umri wake nilifuga wa namna hiyo. Nilimweka uani penye jua, nikampa nyasi na ugali. Hakula. Baada ya majuma machache nikamkuta amekufa, nami sikujua kosa langu.

Kosa lilikuwa aina. Kuna kobe mkubwa wa Sahel, anayekula majani na kuvumilia ukame, lakini anaweza kupita kilo 50. Parseli gani ya mkimbizi itamtosha? Kuna yule wa madoadoa wa savana za Kenya na Tanzania, naye hula nyasi. Kwa anayeanza, pale sheria inaporuhusu, huyo ni afadhali, ila si wa msitu wetu.

Wetu mtamjua kwa gamba: sehemu ya nyuma ya mgongo inajikunja kama mlango wenye bawaba, ikafunika miguu na mkia. Anakaa kwenye unyevu, chini ya majani yaliyooza, karibu na vijito. Anakula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono na minyoo. Jua la uani linamkausha. Mbuzi akiugua utamsikia. Kobe hujificha tu, anaisha polepole. Halafu anawindwa sana kwa nyama, na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Na wanaofikiria kumuuza Uganda wajue kwamba kumvusha mpaka bila kibali ni kosa.

Jambo jingine ni mikono. Kobe anaweza kubeba salmonela hata akionekana mzima. Tulijifunza kunawa mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti na Mangina ikawa kitovu. Siku hizi naona ndoo nyingi za kunawia zimekauka.

Nilimweleza mtoto hayo yote. Alilia. Kwake haikuwa habari ya kobe tu, nililiona hilo. Tulimrudisha mnyama kwenye kijito, pembeni tu mwa shamba, maana usalama hauruhusu kuingia mbali. Kisha nikamnunulia kobaye wawili, jike na dume. Wanakula nyasi na maganda ya jikoni, mimba yao ni miezi miwili na kidogo, na tukilazimika kukimbia usiku wanaingia ndani ya kikapu.

Amewapa majina. Lakini kila mvua ikinyesha ananiuliza kama kijito kimejaa.